Nilichagua Kisu Kinachong'aa

Sehemu ya saba

Wiki hii naandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Wengi wenu mmenitumia pole kwa yote yaliyonipata tangu tulipoanza. Ahsanteni. Ila mkimaliza kusoma ya leo, mtatamani pole zenu zirudi.

Kwa aliyechelewa: mimi ndiye yule fundi aliyefukuzwa kiwanda cha mbao kwa moto ambao hakuuwasha. Nilikaa nyumbani miezi minane, mke wangu akitulisha kwa cherehani yake. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ndiye aliyenishika mkono akaniingiza kwenye kampuni ya kukata na kupunguza miti. Wenzangu kule wakanibatiza jina la Viraka, kwa sababu mkanda wangu, buti zangu, hata kofia yangu ngumu, vyote vilikuwa vimegangwa.

Mara ya mwisho niliwaacha pale bosi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya honi, aliponinyang'anya kisu changu cha jikoni nilichokizungushia utepe mweusi. Alikitupa kwenye pipa mbele ya watu wote, na watu wote wakacheka.

"Nenda duka la visu," alisema. "Chukua kisu cha kukunja cha maana. Kampuni inalipa. Sitaki mtu apande mti wangu na kifaa cha kumenyea vitunguu."

Leo nawaeleza nilichochukua.

Shemeji alinisindikiza. Kazini wanamwita Kinyonga, kwa sababu hakanyagi tawi kabla hajalijaribu mara mbili, na akishalishika haliachi. Ana maneno machache. Angekuwa mropokaji ningeweza kumchukia kwa raha, lakini mtu asiyesema sana, halafu kila analosema likawa kweli, huyo anachosha roho.

Mwenye duka alikuwa mzee, fundi visu, na miwani ya kukuzia imening'inia shingoni.

"Ni kwa kazi gani?" aliuliza.

"Miti," shemeji alinijibia. "Juu."

Mzee hakuuliza zaidi. Aliingiza mkono chini ya meza akatoa kisu cheusi tii, kinene, kisicho na mng'ao hata wa bahati mbaya. Mpini wake ulikuwa wa mpira wenye mikwaruzo, kama soli ya kiatu. Kwenye bapa palikuwa na tundu kubwa la duara.

"Vaa glavu zako," aliniambia. "Ingiza dole gumba hapo. Fumba macho, kifungue kwa mkono mmoja."

Sikuvaa. Shemeji ndiye aliyevaa zake, akafumba macho, na kisu kikafunguka kabla sijapepesa. Na yeye alikuwa na cha namna hiyohiyo kifuani, mwaka wa nne sasa.

"Kina klipu ya kushika kwenye mkanda," mzee aliendelea, "na hapa nyuma unafunga kamba, ili kikikuponyoka kining'inie tu. Bapa likishafunguka linajikaza hapohapo, halirudi kwenye vidole vyako mpaka ulibonyeze. Huwezi kukipendea sura. Lakini chuma chake ni cha bei mbaya, na hakijawahi kurudishwa hapa."

Nilikitazama. Nikajiona mimi mwenyewe. Kitu cha mtu anayeitwa Viraka.

Ndipo nilipokiona kile kingine, ndani ya sanduku la kioo.

"Na kile?"

Mzee alitabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za binti yake. Alifungua kioo, akakitoa kwa kitambaa. Mpini wa mpingo uliosuguliwa mpaka unaona taa ya dari ndani yake. Shaba pande zote mbili. Na bapa lake, jamani, lilikuwa na michoro kama maji yanayotetemeka kwenye beseni.

"Hiki nimekiunda kwa mkono wangu," alisema. "Miezi minne. Hiyo michoro si rangi, ni chuma kimekunjwa na kufuliwa tabaka juu ya tabaka."

"Nitachukua hiki."

"Hiki si cha mtini, mwanangu. Hiki ni cha mtu anayekata tunda akiwa amekaa. Unakifungua kwa ukucha, hapa kwenye kijishimo, na mikono yote miwili. Angalia mpini ulivyo laini. Ukitoka jasho utadhani umeshika samaki."

"Makali yake?"

"Makali ni sawasawa na yale. Hata yanazidi."

"Basi. Kisu ni makali."

Shemeji alinivuta pembeni. "Vaa glavu ujaribu. Ukikifungua, sisemi tena."

"Mikono yangu naijua."

"Shem, kule juu hakuna anayekutazama."

Hilo ndilo lililoniudhi. Kwamba alijua. Maisha yangu yote nimevaa vilivyochokwa na wengine, nimelala kwenye kitanda cha marehemu, nimeoa nikiwa na koti la kuazima. Siku moja tu mtu ananiambia chagua, halafu huyu ananiambia nichague tena kile cha kufanana na mimi.

"Chema chajiuza," nilimwambia.

"Na kibaya chajitembeza," alijibu. "Ila hicho cheusi hakijatembea popote. Kimekaa tu mezani."

Mzee aliposikia nasisitiza, alisitasita. Kisha nikamsifu. Nilimwambia sijawahi kuona kazi ya mikono kama ile, na kwamba mimi nilifanya kazi ya mbao miaka kumi na mbili, mpingo naujua, na mpingo ule ulikuwa umeheshimiwa. Yalikuwa maneno ya kweli, lakini niliyasema kama mtu anayemimina mafuta kwenye bawaba. Mzee akalainika. Alikijaribu kisu mara ya mwisho, akaona bapa linachezacheza kidogo, akachukua bisibisi ndogo akakaza skrubu ya kwenye mhimili. Nusu mzunguko.

"Sasa hakitacheza," alisema. "Lakini nimekuonya."

Naam. Alinionya. Yakumbukeni maneno hayo, kwa sababu mimi niliyasahau kwa makusudi.

Wiki tatu nilikuwa mfalme. Mchana wenzangu walikaa kwenye magogo kula, nami nilimenya chungwa kwa kisu changu, taratibu, maganda yakishuka kama utepe mmoja. Waliomba kukishika. Mmoja alikiinua juani akapiga mluzi. Hakuna aliyeniita Viraka tena, sasa nilikuwa Bwana Mpingo. Hata bosi alikitazama akasema, "Hebu," basi. Kwa yule mama, hilo ni shairi.

Shemeji peke yake hakukiomba.

Siku ya siku tulikuwa na mti mmoja mkubwa kwenye uwanja wa shule, wanafunzi wako likizo. Mti ulikuwa umeoza upande mmoja na matawi yake yameegemea paa la madarasa. Kazi kama hiyo hukati tawi likaanguka tu. Unalifunga kamba, kamba inapita kwenye panda ya mti, mtu aliye chini anaishika na kulishusha polepole. Chini alikuwa bosi mwenyewe, kamba ameizungusha kwenye shina. Juu tulikuwa wawili: shemeji upande wa paa, mimi juu yake kidogo.

Msumeno wangu wa mkono nilikuwa nimeushusha chini kwa kamba, meno yameisha. Nilikuwa nasubiri nipandishiwe mwingine. Dakika tano tu.

Shemeji alikata tawi. Lilikuwa zito kuliko tulivyodhani, maana lilikuwa limenyonya maji ya mvua ya wiki nzima. Lilizunguka badala ya kushuka. Kamba ikajikunja, ikamzunguka kifuani na mkono wa kulia, ikamkaza kwenye shina, na hapohapo ikabana kwenye panda. Bosi alilegeza kule chini, lakini wapi. Uzito wote wa tawi ulikuwa unamkamua mtu.

Hakupiga kelele. Hakuwa na pumzi ya kupigia kelele. Alinitazama tu na kusema neno moja kwa midomo, bila sauti.

Kata.

Nilishuka mpaka kwake sijui vipi. Mkono wangu wa kushoto umeshika shina, wa kulia unatoa kisu mfukoni. Nilikipata. Kijishimo cha ukucha nikakitafuta kwa glavu.

Glavu haina ukucha.

Nilisugua, nikasugua. Nilikibana kisu kwenye meno nikavuta bapa, kikateleza. Nikakishika tena, nikauma glavu ya mkono wa kulia na kuivua kwa meno, ikaanguka. Sasa nina ukucha lakini sina mkono wa pili, maana nilishuka bila kufunga mkanda, na nikiachia shina tumekwenda wote. Nikakibana mpini kwenye goti na shina. Bapa likafunguka. Sikilizeni vizuri: lilifunguka. Lilikuwa laini kama siku ya kwanza.

Nikakigeuza ili nikate. Jasho, utomvu, na mpini uliosuguliwa mpaka unaona taa ndani yake.

Kikaponyoka.

Nilikisikia kikigonga ukingo wa saruji chini. Nilimtazama shemeji, na yeye alikuwa ameona yote, kuanzia glavu mpaka mwisho. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Nikaingiza vidole chini ya kamba iliyombana, kwenye kifua chake, nikachimba mpaka ngozi ya vidole vyangu ikabaki pale, nikakipata kisu chake cheusi. Nikaingiza dole gumba kwenye tundu. Kikafunguka. Kamba ikakatika kwa pigo moja.

Kisu kile ningekishika mimi mwanzoni, ni kazi ya kupepesa jicho. Kwa jinsi nilivyokwenda, bosi anasema zilikuwa dakika nne.

Tulimshusha. Mkono wake wa kulia ulikuwa mweupe kama chaki, halafu ukawa si mweupe. Tulipokuwa tunangoja gari, bosi alinishika kola.

"Ilikuwaje huko juu? Mbona ulichukua muda wote ule?"

Hapa ndipo penyewe. Nilikuwa na sentensi mbili mdomoni. Moja ilikuwa ya kweli.

"Kisu kilikwama," nilisema.

Aliniachia. Akaenda kwenye ukingo wa saruji, akakiokota. Mpingo umepasuka, bapa limekaa nusu, halifunguki wala halifungi. Alijaribu kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Kweli kimekwama," alisema. Na macho yake yakawaka. "Yule mzee nitamla mzima."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kimekwama kwa kuanguka. Nilikuwa na njia nzima ya kwenda hospitali. Nilikaa nyuma ya gari nimeshika miguu ya shemeji, na kila kilomita nilisema nitasema kwenye kilomita inayofuata.

Siku ya pili asubuhi madaktari walituambia mbavu tatu zimevunjika, hizo zitaunga. Mkono ndio tatizo. Mishipa imepondeka, unahitaji kupasuliwa na daktari bingwa, na ikiwezekana ndani ya wiki hii. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda cha kaka yake, hajala tangu jana.

Saa sita bosi akaingia kama upepo.

"Mzee amekubali," alisema.

Sikuelewa. "Amekubali nini?"

"Kosa. Nilimpelekea kisu jana jioni, nikakiweka mezani pake, nikamwambia tazama kazi yako. Akavaa ile miwani yake. Akajaribu kukifungua, hakikufunguka. Akakigeuza, akaipima skrubu kwa kidole. Halafu akasema, 'Nilikaza skrubu mwenyewe. Nimekaza kupita kiasi.' Basi. Mkaguzi wa usalama kazini anakwenda dukani kwake saa tisa, na mzee atasaini maelezo."

Nilitarajia mzee atapiga kelele. Atanikana. Atasema alinionya. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Mtu akikubali kosa lako, unamkasirikia nani?

Sauti ya kukwaruza ikatoka kitandani. Shemeji ameamka.

Bosi aliinama. "Pole, baba. Usijichoshe. Swali moja tu, mkaguzi atauliza. Uliona kisu kikikwama?"

Shemeji aligeuza macho taratibu mpaka yakanifikia. Nilihesabu matone ya dripu yake. Nilifika kumi na moja.

"Sikuona," alisema. "Nilikuwa nimefumba macho."

Bosi alimgusa bega, akatoka. Mimi nilishusha pumzi. Ndiyo, nilishusha pumzi, na hilo nalo liandikwe. Mtu ananilinda akiwa na mbavu tatu zimevunjika, nami nashukuru kwa pua.

Mke wangu akasimama. Alinishika mkono, akanitoa nje hadi kwenye ngazi.

"Baba watoto, nitazame."

Nilimtazama.

"Kaka yangu alianza kupanda miti nikiwa bado nanyonya," alisema. "Hajawahi kufumba macho mtini. Hata siku moja. Amedanganya kwa ajili ya nani?"

Nikamweleza. Glavu, ukucha, goti, jasho. Nilitarajia atalia au atanifukuza. Hakufanya lolote kati ya hayo, na ningefurahi angefanya yote mawili.

"Na ulijua dukani?"

"Alinionya. Wote wawili walinionya."

"Ukachukua kinachong'aa."

"Nilichoka kuonekana..."

"Kuonekana na nani?" aliniuliza. "Mimi miezi minane nilikuwa nakuona. Nilishona mpaka macho yakaingia ukungu, na sikukuona una kiraka hata kimoja. Sasa ndiyo nakiona."

Nilitaka kujibu. Aliinua kiganja, akanikatiza.

"Mkaguzi anafika saa ngapi kule dukani?"

"Saa tisa."

"Sasa ni saa saba na nusu. Miguu unayo."

Alirudi ndani. Hakugeuka.

Nilikwenda kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nagombana na watu wasiokuwepo. Niligombana na wenzangu wa kwenye magogo, na aliyewasha moto kule kiwandani, na shemeji kwa ule wema wake wa kukaba koo. Niligombana hata na ninyi wasomaji. Tangu mlipoona jina la simulizi hii, zaidi ya kumi mmeniandikia ile methali ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Naijua. Niliijua dukani pia. Methali ni rahisi kwa asiyeshika kisu.

Nilimkuta mzee anapanga zana kwenye makasha. Ukuta ulikuwa umebaki na misumari tu na vivuli vya vitu vilivyokuwa vimening'inia hapo miaka yote.

"Umekuja kunitukana?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Una haki. Kaa."

"Mzee, kisu hakikukwama."

Aliendelea kufunga kasha.

"Kilifunguka. Tatizo ni glavu. Na kilipofunguka kikaniponyoka, kikaanguka kwenye saruji, ndipo kikapinda. Nimedanganya."

Sasa alinitazama. Nilidhani nitaona nafuu usoni pake. Niliona ghadhabu.

"Nani amekutuma uje kunifuta machozi?"

"Hakuna aliyenituma."

"Nimekishika kile kisu mimi. Hakikusogea. Nimeunda visu kabla wewe hujazaliwa, unadhani sijui kisu kilichokazwa?" Aliinua mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, kidogo tu, kama bapa kabla ya kukazwa. "Mwaka mzima nimejua inanisaliti. Nikasema bado kidogo, bado kidogo. Sasa imemponda mtu. Usinionee huruma, nitakutoa hapa kwa nyundo."

"Una kingine cha namna ile?"

"Ninacho pacha wake. Sijakimalizia mpini."

"Nipe. Na glavu yoyote."

Alisita, lakini akakitoa. Nilivaa glavu nzito ya kunolea aliyokuwa nayo. Nilijaribu mbele ya macho yake. Kilikataa.

"Unajifanya," alisema.

"Basi vaa wewe."

Akavaa. Akatafuta kijishimo kwa kidole kinene cha ngozi. Akakosa. Akajaribu tena, akakosa, na mara ya tatu kisu kikaruka mkononi mwake kikaangukia meza. Alivua glavu, akakifungua kwa ukucha, kikafunguka bila tabu. Akatazama skrubu. Akakaa kitako juu ya kasha.

Halafu mzee yule akasimama, akanijia, akanizaba kofi. Halikuwa kofi la mtu ambaye mikono imemzeekea. Sikio langu la kushoto bado linaimba.

"Nimekesha usiku mzima nikiiomba msamaha mikono yangu," alisema. "Na wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo, mzee."

"Nilikwambia si cha mtini."

"Uliniambia."

"Na mimi mjinga, ukanisifia mpingo nikakuuzia." Alifuta mdomo wake kwa mgongo wa mkono. "Toka. Hapana, usitoke. Mkaguzi akija utasema hivyohivyo ulivyosema."

"Nitasema."

Na nilikuwa nimekusudia. Hilo nawaapia. Kwa mara ya kwanza tangu mtini kifua changu kilikuwa kimefunguka, sikio likiimba na yote.

Mlango ukasukumwa. Bosi aliingia na mkaguzi, mtu mrefu mwenye mkoba. Mkaguzi alisalimia, akaweka karatasi mezani, akasema amesahau mihuri garini, akatoka kuifuata. Bosi aliniona mimi, akaona uso wangu umevimba upande mmoja, akaona mzee amesimama wima kama askari. Yule mama si mjinga.

"Umemwambia nini?" aliniuliza.

"Ukweli. Kisu hakikukwama. Kosa ni langu, na namwambia mkaguzi sasa hivi."

Alifunga mlango kwa kisigino. Sauti yake ya honi ikashuka mpaka nikalazimika kusogea ili nisikie.

"Nimetoka ofisi ya bima. Operesheni ya shemeji yako wanaigharamia kama kifaa kilikuwa kibovu. Kikiwa ni uzembe wa mfanyakazi, hawagusi. Kampuni yangu haina uwezo huo, na wewe huna. Daktari bingwa anasubiri jibu leo. Ukifungua mdomo wako, ule mkono umekwisha. Mtu wa kupanda miti, mkono wa kulia." Alinitazama kwa chuki ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Ungesema jana pale chini ya mti, ningejua pa kuanzia. Umengoja mpaka kila mtu ameshakaa kwenye uongo wako, ndipo unauvuta kama zulia."

Niliitazama karatasi mezani.

"Na huyu mzee akisaini?" niliuliza.

"Watamfutia kibali chake. Hataunda wala kuuza kisu tena. Labda na mashtaka, sijui."

Tulikuwa tumesahau kwamba mzee ana masikio.

"Yule kijana," alisema kutoka nyuma yetu. "Aliyefumba macho akakifungua kile cheusi. Ndiye huyo?"

"Ndiye," nilisema.

"Mkono wake ukipasuliwa, utafanya kazi tena?"

Bosi alimjibu. "Daktari anasema kuna matumaini makubwa. Ila iwe sasa."

Mzee alitazama mikono yake, mbele na nyuma. Kisha akavuta kiti, akakaa mezani, akavaa miwani, akaisogeza karatasi karibu. Nje nilisikia mlango wa gari ukifungwa na hatua za mkaguzi zikirudi.

"Kalamu," alisema mzee.

Bosi alimpa yake.

Nikaweka kiganja changu juu ya karatasi, pale pa kutia sahihi.

"Ondoa mkono, mwanangu," alisema mzee, kwa upole kabisa, kana kwamba hakunipiga.

Mkaguzi aliingia na mihuri yake, akasimama mlangoni, akatutazama watatu: bosi amening'ang'ania mkono wa shati ananivuta, mzee ameinua kalamu, na mimi nimegandamiza ile karatasi kwa nguvu zangu zote.

"Kuna mtu ana la kusema hapa?" aliuliza.

(Itaendelea)